Mizani Ikazidi Moja

Ukitaka kujua ubaya wa wimbo, usimuulize anayeuimba. Muulize anayeimbwa. Mwimbaji yeye ana raha zake: anafumba macho, anatikisa kichwa, pakimpendeza anapafanyia marudio. Anayeimbwa ndiye anayejua panapochoma.

Bi Pasi alikuwa akiimbwa. Si yeye hasa, ni marehemu mumewe, lakini mume akishakuwa chini ya udongo nani mwingine wa kubeba maneno? Jina la Bi Pasi alipewa na wateja wa duka la dobi alikopiga pasi tangu ujana wake, mpaka mkono wa kulia ukawa mnene kuliko wa kushoto, na jina lenyewe alilipenda. Zamani alikuwa hata na mzaha wake: "Mume wangu kazi yake kufunga na kufungua, mimi kazi yangu kunyoosha. Nyumbani kwetu hakuna kilichopinda." Watu walicheka. Siku hizi hakuna aliyemkumbusha mzaha huo, na yeye mwenyewe hakutaka kuusikia.

Siku moja alikuwa na shati jeupe la mteja mwenye haraka. Mikono alishaimaliza, amegeuza kola, ananyunyizia maji kwa vidole, redio ya dukani ikaanza kupiga gitaa. Gitaa tu, akajua ni wimbo gani. Tajiri wake, mama mwenye duka, alinyoosha mkono apunguze sauti kwa huruma, lakini mteja mwenye shati akamzuia.

"Aa, mama, uache huo! Si ule wa watu wa magodoro? Huo ukipigwa mimi hata chakula naacha."

Akaanza kuimba pamoja na redio, kijana wa watu, hana habari yuko mbele ya nani:

*Moshi ukapanda shingo,*
*Tukabebana mgongo,*
*Bawabu kafunga lango,*
*Tukalala na udongo.*

Ile "kafunga" aliitamka kwa nguvu kama anayetema kitu kichungu. Pasi ikasimama palepale juu ya kola. Bi Pasi aliiona kola ikianza kugeuka rangi, akaona kabisa, na mkono ukakataa kuondoka. Tajiri wake ndiye aliyekuja kuunyanyua.

"Tena, Bi Pasi?" alisema taratibu, na mteja alipoanza kufoka akamwambia, "Baba, kelele zako nipe mimi. Huyu mwache."

Haya, tuseme yaliyotokea, maana wimbo hauyasemi.

Kiwanda cha magodoro kilikuwa nyuma ya barabara ya maghala: ukuta mrefu, na lango moja tu la chuma, la kusukuma kwa bega. Bosi wa hapo alikuwa mtu wa kushuku. Alipoona vipande vya sponji vinatoka nje vimefichwa kwenye nguo za wafanyakazi, alitoa amri: kazi ikianza, lango lifungwe kwa mnyororo na kufuli, na lisifunguliwe mpaka yeye aseme. Bohari ya ndani, walikokaa wasichana wa kushona foronya za magodoro, nayo ikatiwa kufuli. Funguo zote kiunoni kwa bawabu. Na bawabu ndiye mume wa Bi Pasi, mtu mpole, mtu wa kusalimia mpaka paka, ambaye mtaa mzima ulimwita Bawabu hata akiwa harusini amevaa suti. Jina la kuzaliwa, ukiuliza, wengi wangekuna kichwa.

Siku ya moto Bi Pasi alikuwa nje ya lango, ameshika chakula cha mchana cha mumewe. Sponji haiungui kama kuni, jamani. Inayeyuka, inatoa moshi mweusi mzito unaokwenda moja kwa moja kifuani. Kwenye upenyo wa lango aliiona mikono ya mumewe ikihangaika na kufuli. Aliuona mnyororo ukianguka. Aliliona lango likisogea, watu wakamwagika nje wakikohoa na kukanyagana. Bawabu alimwona mkewe kati ya wale watu, akamwambia, "Rudi nyuma, mama watoto, wale wa bohari bado," akageuka akaingia tena. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Walipomtoa, alikuwa mlangoni pa bohari, funguo mkononi, na wasichana wote wako upande wa pili wa mlango ambao kufuli lake lilikwisha kuharibika kwa joto.

Funguo mkononi! Hapo ndipo maneno yalipoanzia. Bosi aliwaambia wachunguzi kwamba yeye hakuwepo, hajui mnyororo wala kufuli, funguo alikuwa nazo bawabu, basi bawabu ndiye wa kuulizwa. Marehemu haulizwi. Waliotokea langoni walisema walilikuta wazi, nani kalifungua hawakuona, moshi ulikuwa machoni. Na kiwanda kilipokufa wakatawanyika kutafuta riziki kwingine. Bi Pasi alisema alichokiona. Walimsikiliza kwa adabu zote, kisha mmoja wao akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, wewe ni mkewe." Basi, yakaishia hapo. Ripoti haijatoka mpaka leo. Kilichotoka ni wimbo.

Na wimbo ulipotoka, salamu zikaisha. Iliyomuuma zaidi ilikuwa ya Mama Kitinda. Huyu alikuwa akikaa mtaa wa pili, na binti yake wa mwisho, kitinda mimba wake, alikuwa miongoni mwa wale wa bohari. Walikuwa mashoga, yeye na Bi Pasi; walilia pamoja msibani wamelala mkeka mmoja. Wimbo ulipofika redioni, Mama Kitinda akimwona Bi Pasi kwa mbali huvuka barabara. Hatukani, hasonyi. Anavuka tu. Afadhali angetukana.

"Lisemwalo lipo, kama halipo laja," walikuwa wakisema watu bombani. Methali nzuri, ikikutwa kwa mwenzako.

Jioni hiyo Bi Pasi alifika nyumbani, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande wa pili wa pazia alikaa wifi yake, dada wa marehemu, aliyekuja msibani kwa wiki moja akasahau kuondoka. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anachambua maharage.

"Umeunguza tena," Wifi alisema hata kabla ya salamu.

"Umejuaje?"

"Unanukia kola. Karibu, Bi Moto."

Bi Pasi hakucheka. Aliketi kitandani na viatu vyake. "Wifi, nimechoka. Nimechoka kabisa. Jumamosi ndiyo wanakusanyika pale kiwandani, mwaka umetimia, na redio inakuja kuurekodi wimbo upya, watu wote waimbe. Ukishaimbwa na umati ule, hautabadilika mpaka kiama. Hao watoto wanaozaliwa leo watajua kaka yako aliua watu."

Wifi aliacha maharage. Kimya chake kilikuwa nadra, na Bi Pasi alikijua: kilikuwa na swali ndani yake.

"Nikuulize, usinikasirikie," alisema Wifi. "Asubuhi yake, si alilifunga?"

"Alilifunga."

"Basi wanaoimba..."

"Kufunga aliagizwa, wifi! Kila siku aliagizwa. Kufungua hakuagizwa na mtu. Ile kufungua ndiyo yake mwenyewe, na ndiyo wanayomnyang'anya." Sauti yake ilipasuka. "Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Nataka neno moja tu. Sitaki fidia, sitaki sanamu. Neno moja."

Wifi alinyanyuka, akajifuta mikono kwenye kanga. "Basi mfuate mwenye wimbo. Mimi ningekuwa wewe ningemnyoa kwa wembe wake mwenyewe. Lakini wewe una adabu, nenda kazungumze."

Mwenye wimbo alikuwa kinyozi, jina la utani Chiriku, maana mdomo wake ulikuwa haupumziki, na ukichoka kusema huimba. Kibanda chake kilikuwa kona ya soko: kiti kimoja cha kuzunguka kilichokataa kuzunguka, kioo chenye ufa, picha za vichwa vilivyonyolewa mitindo ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Alikuwa rafiki wa Bawabu. Kila Jumapili alimnyoa, wakibishana.

Bi Pasi alipoingia, mashine ya kunyolea ikazimwa. Mteja kwenye kiti alibaki na nusu ya kichwa.

"Karibu, shemeji," Chiriku alisema.

"Sikuja kunyoa."

"Najua, shemeji. Nimekuwa nakusubiri. Mwaka mzima nakusubiri, na nilikuwa naomba usije."

Sasa huyu utamfanya nini? Bi Pasi alikuwa amekuja na maneno makali, ameyapanga njia nzima, na mtu anaanza kwa kukiri. Alishika kizingiti cha mlango.

"Siku ya msiba ulikaa kwangu ukaniuliza ilikuwaje. Nilikuambia nini?"

"Uliniambia kafungua."

"Na wewe ukatunga nini?"

"Kafungua! Haki ya Mungu, shemeji, nilitunga kafungua." Alisogea nyuma ya mteja, akaanza kuhesabu kwa kidole juu ya upande wa kichwa uliokwisha kunyolewa, akigonga kila silabi. "Sikiliza. *Ba-wa-bu-ka-fu-ngu-a-la-ngo.* Tisa. Mistari mingine yote ina nane. Mizani ikazidi moja. Nikasema nitaikimbiza, hiyo *u* nitaipitisha ulimini haraka, mwenye masikio ataisikia. Nilikuwa natunga huku nalia, sikuwa na nguvu za kutafuta neno jingine."

"Na watu wakasikia kafunga."

"Watu wakasikia kinachokaa. Angalia mwenyewe: moshi, kubebana, halafu kulala na udongo. Hapo katikati, kwa mtu mwenye uchungu, *funga* ndiyo inayoingia bila kubisha hodi. Nilipokuja kusikia wanavyoimba, umeshafika stendi, umeshafika shuleni. Nikawaambia, jamani, ni kafungua. Wakaniambia, Chiriku, acha kuharibu wimbo."

"Kwani si kafunga?" aliuliza mteja.

"Wewe nyamaza, nitakata sikio."

Bi Pasi alitaka kucheka na kulia pamoja, ikatoka pumzi tu. Hakuna aliyemsingizia mumewe! Hiyo ndiyo iliyomuumiza kuliko yote. Mwaka mzima alikuwa akimtafuta adui, akilala anamtengeneza sura, kumbe ni silabi moja iliyomezwa na kinyozi aliyekuwa akilia. Penye wengi hapaharibiki neno, husema watu. Si kweli. Hapo ndipo linapoharibika, na likiharibika hapo halina fundi.

"Tengeneza," alimwambia. "Jumamosi waimbe lingine. Tengeneza hapahapa, mimi nimesimama."

Chiriku alifumba macho. Mteja naye, kwa kuwa hakuna aliyemkumbuka, alitulia kama mtoto wa shule.

"*Bawabu kalifungua,*" aliimba Chiriku. "Nane. Lakini kina kimevunjika. Shingo, mgongo, halafu *fungua*? Hebu wewe, imba."

Mteja aliimba, akafika mstari wa tatu akajikwaa, akarudia, akajikwaa palepale. "Haikai mdomoni," alisema. "Inanirudisha kwenye lango."

"Umeona, shemeji? Watalirudisha lango, na lango likirudi litarudi na *kafunga*. Ngoja. *Kafungua yeye lango.*"

"Yeye nani?" aliuliza Bi Pasi.

"Si yeye, Bawabu."

"Wewe unajua, na mimi najua. Keshokutwa watasema yeye ni Bosi. Bosi ndiye aliyefungua! Hapana, Chiriku. Nataka Bawabu iwemo. Hilo ndilo jina lake, hana jingine wanalolijua."

Chiriku alizunguka kibanda, ambacho hakikuwa na nafasi ya kuzunguka. Alijaribu huku, akajaribu kule, akigonga vidole kwenye kioo chenye ufa. Mwishowe alisimama, akaimba kwa sauti ndogo, kama anayejiuliza mwenyewe:

"*Bawabu fungua lango.*"

Nane. Kina kimekaa. Mteja hakungoja hata kuombwa. Aliubeba ubeti mzima kutoka moshi mpaka udongo, na mstari wa tatu ukapita laini kama uzi kwenye sindano.

Bi Pasi alisikia. *Bawabu. Fungua.* Maneno hayo mawili yakifuatana, kwenye kinywa cha mtu asiyemjua, mtu baki kabisa mwenye nusu kichwa. Machozi yalimtoka kabla hajajua kama analia.

"Hiyohiyo," alisema. "Hiyo. Usiiguse."

"Shemeji," alianza Chiriku, "ila hapo ile *ka* imetoka, na ikitoka..."

"*Fungua* limo, halimo?"

"Limo."

"Basi, mwana wa watu, usiniletee *ila*. Mwaka mzima nimekula *ila*."

Chiriku alimtazama: mwanamke aliyesimama kizingitini, mkono mmoja mnene, uso umelowa na unacheka. Nani angekuwa na moyo? Wewe ungekuwa nao? Aliwasha mashine yake, akainamia ile nusu ya kichwa iliyobaki.

"Haya, shemeji. Ukiridhika wewe, mimi nani."

Siku zile chache zilizobaki Bi Pasi alipiga pasi kama msichana aliyechumbiwa. Hakuunguza kitu. Mashati meupe ya kwaya itakayoimba Jumamosi aliyaomba mwenyewe ayanyooshe bure, akayatia wanga, akazipitia kola zake moja moja. Nyumbani alipomweleza Wifi, Wifi aliuliza kitu kimoja tu: "*Fungua* limo?" Aliposikia limo, alishika ndoo yake akacheza nayo chumba kizima mpaka akagonga kitanda. Wote wawili walikuwa na njaa, na mwenye njaa hachunguzi chakula. Wakati wa kulala Bi Pasi aliwaza juu ya Mama Kitinda: atausikia wimbo, atasimama, ataelewa, siku moja barabarani atakosa kuvuka. Aliwaza hata atakachomjibu. Angesema tu, "Nzuri, mwenzangu, za kwako?" Asingemlaumu.

Jumamosi watu walijaa kiwandani mpaka nje. Kuta zilikuwa bado nyeusi. Lango lenyewe lilikuwa limeng'olewa, limeegemezwa ukutani, limepata kutu, na watu walikuwa wameweka maua chini yake. Bi Pasi alisimama pembeni na Wifi, nguo zao zimenyooka, na alipolitazama lango hakuinamisha kichwa. Kiongozi mmoja alizungumza sana kuhusu usalama kazini. Bosi hakuja, alituma shada. Kisha kwaya ikapanda jukwaani, mashati yanang'aa, na Chiriku mbele yao ameshika kipaza sauti.

Chiriku wa kibandani na Chiriku wa kwenye kipaza sauti ni watu wawili. Alikohoa, akasema, "Mstari wa tatu leo umebadilika. Nilikosea... nitaeleza." Mtu wa redio akamwonyesha saa. Chiriku akaacha maelezo. "Tuseme wote: Bawabu fungua lango." Umati ukasema. Akawaashiria wapiga gitaa.

Ubeti wa kwanza ulipopita, Wifi alimfinya Bi Pasi mkono, na Bi Pasi akanyanyua uso. *Fungua!* Limetoka. Limetoka mbele ya watu wote, na redio inachukua.

Ndipo umati ulipoingia kwa pamoja.

Wimbo ule, kumbuka, wanaousema ni marehemu. Moshi ukapanda shingo, yaani yetu. Tukabebana, sisi. Umati ulipofika mstari wa tatu, sauti ilipanda yenyewe bila kuambiwa. *Bawabu fungua lango!* Mikono ikanyooka kuelekea lile lango lenye kutu. *Bawabu fungua lango!* Waliokuwa karibu wakaanza kuligonga kwa viganja, chuma kikalia, na mama mmoja akaanguka chini akipiga kelele jina la mwanawe. Wakarudia, hawakungoja gitaa. Wanagonga, wanaomba, wanamsihi.

Hapo Bi Pasi alielewa. Neno lilikuwa lilelile alilolitafuta, lakini halikuwa habari tena, lilikuwa ombi. Na mtu haombwi kufungua ila kilichofungwa. Jana wimbo ulikuwa unasema uongo kama mbea wa bombani, na mbea unaweza kumbishia. Leo ni wale wasichana wenyewe wanalia nyuma ya mlango, wanamwita kwa jina lake, na yeye Bawabu kasimama na funguo zake, kimya. Utambishia nani? Nani atakayembishia mtoto aliyekufa?

"Wifi," alisema Wifi, na sauti yake haikuwa na utani hata chembe, "wanasema nini hawa?"

Bi Pasi alimtafuta Chiriku kwa macho. Chiriku alikuwa anaimba amefumba macho, uso umekunjamana, na hakuyafumbua.

Hapo watu walipisha kidogo, akatokea Mama Kitinda. Alikuja moja kwa moja. Hakuvuka, hakugeuka. Alimshika Bi Pasi mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwenzangu," alisema. "Habari za siku?"

Jibu alilokuwa amelitayarisha Bi Pasi lilipotea.

"Leo wimbo umekaa sawasawa," Mama Kitinda aliendelea, machozi yakitiririka. "Hivyo ndivyo mwanangu alivyokuwa akimwita. Kila nikilala namsikia: Bawabu, fungua. Bawabu, fungua. Nilikuwa namlaani mumeo, nisikufiche. Asubuhi na jioni nilimlaani. Leo nimesikia watu wote wanalia kilio cha mwanangu, nikaona basi, nimechoka. Nimemsamehe. Mwambie Mungu wako na wangu, nimemsamehe."

"Alifungua," alisema Bi Pasi. Ilitoka kama mnong'ono. Alikusanya pumzi. "Alifungua, mwenzangu! Mimi nilimwona."

Lakini chuma kilikuwa kinalia na umati unaimba, na Mama Kitinda aliinamisha sikio, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Angefungua, ndiyo," alisema. "Angefungua tu, masikini. Lakini ndiyo imeshakuwa."

Bi Pasi aliutazama uso ule. Mwaka mzima alikuwa ameuona kwa upande tu, ukivuka barabara. Sasa ulikuwa mbele yake, umelowa, umepungua ukali, uso wa mtu aliyetua mzigo sasa hivi tu na bado mabega yanamshangaza. Angeweza kurudia. Angeweza kupaza sauti, kumtikisa, kumwambia hakuna wa kusamehewa. Na Mama Kitinda angeuokota mzigo wake, angevuka barabara, na nani angemwamini mke?

Kijana wa redio alikuwa anapita katikati ya watu na kipaza sauti kirefu, anakisogeza mbele ya kila mdomo. Kwaya ikaanza ubeti ule upya.

"Imba, mwenzangu," Mama Kitinda alimwambia, akiukaza mkono wake. "Usiogope. Leo hakuna anayekutazama vibaya."

Na kweli, watu walikuwa wamegeuka, wanamtazama kwa upole, wanamngojea. Wifi alikuwa ameficha uso kwenye kanga. Kipaza sauti kikafika. Bi Pasi akafumbua kinywa akaimba pamoja nao, akamwomba mumewe, mbele ya watu wote, afungue lango ambalo kwa macho yake mwenyewe alimwona akilifungua.